Risasi Pungufu ya Bastola: Dalili Zake, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuishughulikia

Risasi iliyopungukiwa baruti yenyewe ni nadra kumdhuru mtu. Hulia kwa unyonge, husukuma kichwa chake sentimita chache ndani ya mtutu, na hapo mambo hutulia. Anayeumia ni yule anayefyatua risasi ya pili wakati kichwa cha kwanza bado kimekwama mbele, kwa kuwa gesi ya risasi hiyo yenye nguvu kamili hukuta njia imezibwa, na mtutu hutuna au hupasuka kando ya vidole vya mpigaji. Kwa hiyo kazi nzima inayoelezwa hapa ina sehemu mbili: kukifundisha kidole kisimame kwa wakati, na kulifundisha jicho lisiache ganda lolote lipite kwenye meza ya kujazia risasi bila kutazamwa ndani.

Nawaandikia watu wa Arusha na Moshi wanaomiliki bastola kihalali, wakiwamo wawindaji wa kitaalamu, walinzi na wanamichezo wa shabaha, ambao baadhi yao hukutana na risasi zilizojazwa upya, yaani ganda lililokwisha kutumika likatiwa fataki, baruti na kichwa vingine, ama wakiwa mafunzoni na mashindanoni Afrika Kusini au Marekani ambako kujaza upya ni jambo la kila siku, ama kutoka kwa mtu mwenye kibali. Silaha na risasi hapa nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na shughuli hii huanzia kwa ofisa wa polisi anayehusika na leseni kabla ya kufika kwenye meza ya mtu yeyote. Asiye na kibali na asome kwa makini sehemu ya uwanjani, kisha aisome ile ya mezani ili ajue maswali ya kumwuliza aliyemjazia.

Jambo moja la lugha lazima liwekwe sawa mapema. Neno "risasi" kwetu linabeba mizigo mitatu: ni madini yenyewe, ni kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha, na pia ni kitu kizima kinachoingia kwenye magazini. Katika kazi hii mkanganyiko huo una hatari. Hapa risasi ni kitu kizima. Kinachoruka nitakiita kichwa. Kikombe cha shaba ya manjano kinachobaki ni ganda. Kidude kidogo kilicho kitakoni mwa ganda, kinachogongwa na pini, ni fataki. Na kinachoungua ndani ni baruti. Risasi pungufu ni ile ambayo baruti yake haitoshi kukitoa kichwa nje ya mtutu, au haimo kabisa.

Dalili ya kwanza: mlio hafifu na mkono usiosukumwa

Hii ndiyo dalili kuu, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mpigaji aliyezoea bastola yake anajua jinsi inavyomsukuma kiganja. Risasi pungufu haisukumi, au husukuma kama mtu aliyegusa bega lako kwa ncha ya kidole. Mlio huwa mfupi na mkavu, kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini.

Siku moja, katika uwanja wa shabaha nje kidogo ya mji wa Arusha, nilikuwa nimesimama nyuma ya bwana mmoja kutoka Moshi aliyekuwa akifanya mazoezi kwa rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi za .38 Special, na risasi alizokuwa nazo zilijazwa upya na mtu aliyemwamini. Alipiga mbili vizuri. Ya tatu ikatoa mlio ambao hata mimi niliusikia kwa shida, kwa sababu jirani yetu alikuwa akipiga wakati uleule. Nilichokiona ni mkono: mtutu haukunyanyuka hata kidogo, na tayari kidole chake kilikuwa kinarudi kwenye kifyatulio. Nikapaza sauti, "Acha! Kidole nje, kaka!" Akatoa kidole, mtutu ukabaki umeelekea shabaha, akaniambia bila kugeuka, "Mwalimu, imelia lakini. Imelia kama fataki tu." Hakujua kwamba amesema kweli tupu, kwani tulipofungua silinda na kulimulika ganda la tatu, ndani lilikuwa safi, halina masizi ya baruti iliyoungua isipokuwa doa jeusi dogo kuzunguka tundu la fataki. Fataki peke yake ndiyo iliyofanya kazi. Nikamulika mtutu kwa tochi kutoka nyuma: mwanga haukutoka upande wa pili.

Nimelisimulia kwa urefu kwa sababu wengi hudhani fataki pekee haina nguvu ya kukisukuma kichwa. Inayo. Mwigizaji Brandon Lee alifariki tarehe 31 Machi 1993 huko Wilmington, North Carolina, kwa sababu ya jambo hilohilo. Risasi za bandia zilizotumika mbele ya kamera zilikuwa zimeondolewa baruti lakini fataki ikaachwa. Fataki ikakisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu wa rivolva, hakuna aliyeukagua mtutu, na baadaye risasi isiyo na kichwa, ambayo huwa na baruti yake, ikafyatuliwa katika silaha ileile na kukitoa kichwa kilichokwama kwa nguvu kamili.

Masikio hayatoshi kuitambua dalili hii. Vizibo na vifuniko vya masikio, ambavyo ni lazima kuvaa, hupunguza tofauti kati ya mlio mzima na mlio hafifu, na uwanja wenye wapigaji wengi humaliza kilichobaki. Basi tegemeza utambuzi kwenye mambo matatu kwa pamoja: mlio, msukumo mkononi, na tundu kwenye shabaha. Kimoja kikikosekana, simama. Akiwepo mtu nyuma yako, mpe ruhusa mapema ya kukusimamisha, na usimkasirikie akikosea. Katika mashindano ya IPSC na USPSA, vyama vya mchezo wa shabaha, msimamizi humsimamisha mshindani kwa kushuku tu. Ikikutwa kwamba risasi ilikuwa nzima, mshindani hupewa nafasi ya kurudia, na ikikutwa kasoro kweli, harudii. Naiona kuwa kanuni ya busara, kwa maana inamwondolea msimamizi woga wa kupaza sauti.

Dalili ya pili: bastola haikujirudisha

Katika bastola ya magazini, risasi kamili husukuma sehemu ya juu irudi nyuma, itupe ganda na kupandisha risasi nyingine. Risasi pungufu mara nyingi haina nguvu hiyo, hivyo ganda lililotumika hubaki ndani, au hutoka nusu na kubanwa.

Hapa pana mtego uliowekwa na mafunzo mazuri. Walinzi na watu wa kujihami hufundishwa kwamba bastola ikikwama, wapige magazini kwa kiganja, wavute sehemu ya juu, waendelee kupiga, na hufanya hivyo kwa sekunde moja bila kufikiri. Palipo na hitilafu ya kawaida zoezi hilo ni sahihi. Palipo na risasi pungufu, zoezi hilohilo ndilo linalopandisha risasi nzima nyuma ya kichwa kilichokwama. Wakati mwingine bahati humwokoa mpigaji: kichwa kikiwa kimekwama karibu sana na chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, risasi inayofuata haiingii mpaka mwisho na bastola inakataa kufunga. Lakini kikiwa kimesogea mbele kidogo tu zaidi, risasi mpya huingia vizuri kabisa, na hakuna kitakachokuonya tena. Kwa hiyo uwanjani, mahali ambapo hakuna anayekushambulia, kila bastola inapokwama baada ya mlio usio wa kawaida, zoezi la haraka lisifanyike hadi mtutu umulikwe.

Ni kweli kwamba si kila bastola isiyojirudisha imepiga risasi pungufu. Mkono uliolegea unaiacha bastola nzima irudi nyuma na kumeza nguvu iliyotakiwa. Uchafu, mafuta yaliyoganda na springi nzito kupita kiasi huleta dalili ileile. Tofauti ni kwamba katika hali hizo mlio huwa mzima na tundu huonekana kwenye shabaha. Usiipitishe hukumu kabla ya kumulika.

Dalili ya tatu: silinda ya rivolva haizunguki, au inazunguka kama kawaida

Rivolva ina mwanya mdogo kati ya silinda na mtutu, na gesi huvuja hapo, ndiyo maana risasi pungufu ndani yake hudhoofika zaidi. Kichwa kikisimama nusu kikiwa kwenye silinda na nusu kwenye mtutu, silinda hugoma, na huo ni ugomvi wa heri. Hatari kubwa ipo pale kichwa kinapovuka mwanya na kutulia ndani ya mtutu, kwa maana silinda itazunguka kama kawaida na risasi inayofuata itajipanga tayari. Imewahi kuonekana mitutu ya rivolva iliyokatwa kwa urefu wake ikiwa na vichwa kadhaa vimepangana kimoja nyuma ya kingine, mpigaji akiwa ameendelea kuvuta kifyatulio akishangaa kwa nini shabaha haina matundu.

Dalili ya nne: "tik" bila mlio

Pini imegonga na hakuna kilichotokea. Inaweza kuwa fataki mbovu, fataki ambayo haikukaa mpaka chini, au risasi inayochelewa kuwaka. Shikilia mtutu kuelekea shabaha kwa muda usiopungua sekunde 30. Mimi huhesabu hadi 60, maana hakuna anayenikimbiza. Kisha toa magazini, toa risasi, tazama alama ya pini. Alama ikiwa ya kina cha kawaida na risasi ni nzima, iweke pembeni isirudiwe. Lakini kama kilichotoka ni ganda tupu lisilo na kichwa, basi fataki iliwaka kwa unyonge kiasi kwamba hukuisikia, na kichwa unajua kilipo.

Dalili ya tano: punje za baruti zisizoungua

Punje za rangi ya kijani, kijivu au manjano zilizomwagika ndani ya bastola na kwenye ganda huonyesha kwamba baruti ilikuwamo lakini haikuungua vizuri. Hili si tatizo moja na lile la baruti iliyosahauliwa, na vyanzo vyake nitavieleza chini. Kiasi kidogo cha punje katika ganda kubwa kama la .38 Special ni jambo la kawaida kwa baadhi ya baruti. Kiasi kikubwa kinachoambatana na mlio wa kuvuta, kama "puff", ni sababu tosha ya kusimama.

Cha kufanya uwanjani

Kidole kitoke kwenye kifyatulio, mtutu ubaki umeelekea shabaha, na wenzako wajulishwe kwa sauti. Subiri kama ilivyoelezwa. Toa magazini na risasi iliyomo chemba, au fungua silinda na uondoe zote, kisha hesabu ulichokitoa. Baada ya hapo ndipo mtutu ukaguliwe, na ukaguzi wa kuaminika ni ule wa kufungua bastola, kuutoa mtutu na kuutazama kuelekea mbinguni. Isiyofunguka uwanjani ipitishwe ufito kutoka mdomoni. Kama hautokei chembani, mtutu umezibwa. Usiutazame mtutu kwa kuweka jicho mdomoni mwake ikiwa bado umefungwa kwenye bastola, hata kama wewe mwenyewe ndiye uliyetoa risasi.

Kisha bastola hiyo imalize siku yake hapo. Wapo wanaojaribu kukitoa kichwa kwa kupiga risasi iliyoondolewa kichwa, wakidhani gesi pekee itakisukuma. Kisa cha Wilmington kinaonyesha kitakachotoka na kwa nguvu gani, na pale ambapo hakitatoka, presha yote hubaki mkononi mwako.

Kukiondoa kichwa ni kazi ya utulivu. Mtutu utolewe kwenye bastola kama inawezekana, ushikwe kwenye jiliwa lenye taya zilizofunikwa kwa mbao au ngozi, udondoshewe mafuta mepesi ya kulegeza kutu na uachwe kwa muda. Ufito unaofaa ni wa shaba ya manjano, ulionyooka, mnene karibu sawa na tundu. Kwa mtutu wa milimita 9 ufito wa milimita 8 hutosha. Ufito mwembamba huzama kwenye madini laini ya risasi na kukitanua kichwa kizidi kubana. Wa chuma hukwaruza mifuo ya ndani. Wa mti hupasuka kwa mshazari na vipande vyake hujikabari kando ya kichwa, ukawa na matatizo mawili badala ya moja. Sukuma kwa kuelekea upande ulio karibu, ambao mara nyingi ni chemba, kwa mapigo madogo ya nyundo. Kwa rivolva ambayo silinda imegoma, ufito huingizwa mdomoni na kichwa kirudishwe ndani ya silinda hadi izunguke. Hapa kumbuka kwamba matundu mengine ya silinda bado yana risasi nzima, hivyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni, na simshauri mtu mwingine yeyote aifanye.

Kichwa kikishatoka, safisha mtutu, uuelekeze kwenye mwanga na utafute mviringo mweusi ndani, kama pete. Pete hiyo ni alama kwamba mtutu umetuna, na mara nyingi hupatikana kwa mtu aliyepiga risasi ya pili akanusurika bila kujua. Bastola ambayo sehemu yake ya juu haitoki tena kwa wepesi kama ilivyokuwa, nayo ishukiwe vivyo hivyo. Mtutu uliotuna hautengenezwi, hubadilishwa.

Mezani: baruti iliyosahauliwa

Chanzo kinachoongoza hakina siri yoyote: ganda lilipita bila kuwekewa baruti. Karibu kila mara nyuma yake yupo mtu aliyekatizwa. Simu imelia, mgeni amepiga hodi, umeme umekatika, mtoto ameita. Kwenye mashine ya kuzunguka, inayofanya hatua kadhaa kwa mvuto mmoja wa mkono, hatari huongezeka fataki inapokwama, kwa kuwa mjazaji hurudisha sahani inayobeba maganda nyuma kidogo kurekebisha, halafu huendelea akiwa hakumbuki ganda lipi lilishapata baruti na lipi bado.

Katika hali hiyohiyo huzaliwa pacha wake aliye mbaya zaidi, yaani ganda lililowekewa baruti mara mbili. Hili ndilo ningetamani kila mjazaji aliamini kwa moyo wote: ganda lisilo na baruti likionekana, tafuta mara moja lenye baruti maradufu, kwa sababu mkono uliosahau hapa huenda ulirudia pale. Sheria yangu ya kukatizwa ni moja na sijawahi kuilegeza: kila kilicho kati ya kituo cha baruti na kituo cha kichwa kinatolewa, baruti inarudishwa kwenye chombo chake, na maganda hayo machache yanaanza upya. Umeme ukikatika, nasimamisha mashine hapohapo. Simu haikai chumba kimoja na baruti, na wa nyumbani wanajua kwamba mlango ukifungwa hodi husubiri.

Ganda la .38 Special linastahili neno lake. Risasi hiyo ilitoka mwaka 1898, wakati baruti nyeusi yenye kujaza nafasi kubwa ilikuwa bado inatumika, hivyo ganda lake ni refu kuliko mahitaji ya baruti za leo. Kiasi halali cha baruti ya kisasa hukaa chini kabisa kama sukari iliyobaki kikombeni, na asiyemulika hawezi kutofautisha kilichopo, kisichopo na kilichowekwa mara mbili. Palipo na uchaguzi katika kitabu cha vipimo, napendelea baruti yenye ujazo mkubwa, inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, ili ikirudiwa ifurike na kumwagika mezani yenyewe.

Mezani: kipimio kinachodanganya

Kipimio cha baruti hupima kwa ujazo, na kila kinachozuia baruti isishuke sawasawa kitaleta upungufu. Baruti ya vipande bapa au vijiti hujenga daraja ndani ya mrija: mvuto mmoja hushusha nusu, unaofuata hushusha nusu iliyobaki pamoja na kiasi chake kamili. Hapo tena pungufu na zidifu hufuatana, na mjazaji anayepima moja kati ya kumi anaweza kuzikosa zote mbili.

Kipindi cha kiangazi, hewa inapokuwa kavu na vumbi limetanda, chombo cha plastiki hujaa umeme tuli na punje hung'ang'ania kutani. Kioshe kwa sabuni ya vyombo, usikikaushe kwa kitambaa, kiache kikauke chenyewe. Baruti isishuke chini ya theluthi moja ya chombo, kwa kuwa uzito wa iliyo juu ndio unaoishusha iliyo chini. Mivuto kumi ya kwanza baada ya kujaza chombo irudishwe ndani hadi kipimo kitulie. Bolti ya kurekebishia nayo hulegea kwa mtikisiko. Itie alama ya rangi ili uone ikisogea.

Mzani wa kielektroniki unataka uangalizi wake. Greni 1 ni takriban gramu 0.065, na mzani huu hutakiwa kuona sehemu ya kumi ya hiyo, hivyo upepo wa feni au dirisha lililo wazi unatosha kuuyumbisha. Uwashwe mapema upate joto, upimwe kwa jiwe lake la kipimo, na kila umeme unapokatika na kurudi upimwe tena kabla ya kuaminiwa.

Mezani: baruti ipo lakini haiungui

Hapa vyanzo ni vya namna mbalimbali. Ganda lililooshwa kwa maji bila kukauka hubaki na unyevu kwenye tundu la fataki, na katika masika ya Machi hadi Mei, kwenye maeneo ya mteremko yenye ukungu, kuanika usiku mmoja hakutoshi. Mafuta ya kulainishia ganda yakibaki ndani hulowanisha baruti. Punje ya maganda ya njugu iliyotumika kung'arishia huziba tundu la moto, na pini ndogo za chuma za kuoshea hujificha mbilimbili ndani ya ganda la milimita 9.

Mdomo wa ganda usipobana vizuri, kichwa huondoka kabla presha haijapanda na baruti huzimika nusu. Hili huwapata zaidi wanaotumia baruti nzito za rivolva za magnum: kwa baruti za H110 na W296, kampuni ya Hodgdon inayoziuza inaonya zisipunguzwe zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo, maana zikipunguzwa huweza kushindwa kuungua sawasawa. Vilevile, kichwa kilichovikwa shaba husuguana na mtutu zaidi kuliko cha madini ya risasi matupu, kwa hiyo kipimo laini kilichoandikwa kwa kichwa cha madini hayo kisihamishiwe kwenye kilichovikwa. Anayetaka risasi nyepesi kwa mazoezi na achague kipimo chepesi kilichochapishwa, asijitungie chake kwa kupunguza.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama hewa nyembamba ya Arusha, mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, inaweza kuidhoofisha baruti. Haiwezi. Baruti isiyo na moshi hubeba oksijeni yake ndani ya kemikali zake na haihitaji hewa ya nje kuungua. Joto na unyevu wa ghala ndivyo vya kuogopwa: kopo lililoachwa kwenye gari juani Moshi mwezi wa Februari limeharibiwa kuliko mlima wowote ungeweza.

Ukaguzi unaokamata

Ubao wenye matundu 50, maganda yote yamesimama, taa moja juu na tochi mkononi, jicho likipita mstari kwa mstari kabla kichwa chochote hakijawekwa: sijaona kifaa kinachoushinda. Uso wa baruti uwe sawa kila ganda. Ulio chini au juu ya wenzake, ganda hilo limwagwe na lipimwe. Kwenye mashine ya kuzunguka, funga taa ndogo inayomulika ndani ya ganda kabla ya kituo cha kichwa, na kama kuna nafasi ya bure weka kalibu ya kukagua baruti, ile inayofunga mashine au kupiga kengele. Ganda unaloliwekea kichwa kwa mkono wako huku hujaliangalia ndani, hesabu kwamba hujalijaza.

Kupima uzito wa risasi iliyokamilika huwavutia wengi, lakini huwadanganya. Baruti ya risasi ya milimita 9 ni takriban greni 4 hadi 6, ilhali maganda ya viwanda tofauti hupishana kwa greni kadhaa na vichwa navyo huongeza tofauti yao. Risasi isiyo na baruti iliyo kwenye ganda zito inaweza kuwa na uzito sawa na nzima iliyo kwenye ganda jepesi. Njia hiyo huwa na maana kidogo tu pale maganda yote ni ya toleo moja, na hata hapo hukamata zile za makosa makubwa.

Boksi lililobaki

Risasi pungufu moja ikishatokea, zilizobaki za mkupuo ule hazipigwi. Ndiyo sababu kila boksi linatakiwa kuwa na karatasi yenye tarehe, aina na kiasi cha baruti, kichwa, fataki, na jina la aliyejaza. Boksi lisilo na maandishi huchukuliwa lote kuwa na kasoro. Vichwa hung'olewa kwa nyundo ya plastiki ya kung'olea, ile inayoshika kitako cha risasi na kukitoa kichwa kwa mshtuko inapogongwa juu ya gogo, moja baada ya nyingine, miwani ikiwa usoni.

Za yule bwana wa Moshi zilikuwa zimebaki 47. Jioni tuliketi yeye na mimi, mbele ya fundi mwenye leseni, tukazifungua zote na kumwaga baruti ya kila moja kwenye kisahani chake juu ya gazeti. Arobaini na tano zilikuwa sawa. Ya ishirini na moja haikuwa na hata punje moja. Tulipogonga ya ishirini na tisa, kisahani kikapokea kilima ambacho mzani ulikisoma kuwa mara mbili kamili ya kilichoandikwa ubavuni mwa boksi.